Bunduki ya bei poa na moshi uliofika Moshi

Najua nimekuwa kimya, ni zile asaimenti za mwisho wa muhula, si mnajua tena. Leo nimepata upenyo, basi tupige stori ya historia kidogo, na ni historia ya hapahapa kwetu chini ya mlima.

Bwenini kuna jamaa wanaopenda sana mambo ya kulenga shabaha, na mjadala wao hauishi: bunduki gani ya kukoki kwa mkono inapiga mbali, inapiga pale ulipolenga, halafu haimfilisi mtu? Kila mmoja ana jina la kiwanda chake. Mimi bunduki sina na sina mpango wa kuwa nayo, ila swali lao nimelikuta vitabuni. Serikali ya Ujerumani ilibidi ijiulize kuhusu askari wake wa Afrika Mashariki, wakiwemo waliopandishwa mlima huu, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Jibu lake lilikuwa la bei poa sana. Bei poa kwa nani? Hapo ndipo penye stori.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Bunduki nyingi zilizopanda huku na misafara ya pwani zilikuwa gumegume na magobore. Unashindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, na mtutu wenyewe ndani ni laini, kwa hiyo risasi inatoka ikiyumba. Mita 100 tu hujui itaangukia wapi. Bunduki ya kisasa mtutu wake umechongwa mifereji ya kuzunguka kwa ndani, risasi inatoka ikizunguka kama pia. Mliocheza pia utotoni mnajua, ikizunguka inasimama wima, ikichoka inayumba. Ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser, wakaiwekea bunduki ya namna hiyo komeo la chuma. Unalivuta kama komeo la mlango, unaweka risasi, unalisukuma, unalilaza. Risasi inakaa palepale kila mara, na huko kukaa palepale ndiyo nusu ya usahihi. Jeshi la Ujerumani likaichukua kama modeli ya mwaka 1871: risasi moja kwa kila mkoko, milimita 11, na baruti nyeusi.

Sasa ona mambo yalivyopangwa. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, biashara ya silaha ilibanwa. Kilichoachwa kuuzwa kwa wenyeji ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Kilimanjaro imo humo katikati. Yaani kwa karatasi Mangi hakuwa na haki hata ya kuuliza bunduki ipi inalenga vizuri. Jibu lilishaandikwa Ulaya.

Karatasi na mlima lakini ni vitu viwili. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wengine walimwita Mandara, alifariki mwaka 1891 na mwanawe Meli akashika kiti. Juni 1892 Wajerumani wakiongozwa na von Bülow walipanda kumshambulia. Walipigwa. Bülow alijeruhiwa vibaya akafa, mwenzake Wolfrum akafa pia, na waliobaki wakarudi nyuma. Watu wa Meli walikuwa na bunduki pamoja na mikuki, na Wajerumani wakaanza kutafuta nani kawauzia. Wakawashuku wamisionari Waingereza wa CMS waliokuwa Moshi tangu miaka ya 1880. Mwaka huohuo CMS wakaondoka, na mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Leipzig kuchukua nafasi. Kwa hiyo ndugu zangu mnaojiuliza kwa nini Uchagani Walutheri ni wengi kuliko Waanglikana, sehemu ya jibu ni ugomvi wa bunduki.

Kitu kingine nilichojifunza ni kwamba bunduki bora inategemea unasimama wapi. Panda Old Moshi uangalie. Migomba, kahawa, mifereji, korongo, kona. Macho yanafika mita 30, ukibahatika 50. Hapo bunduki ya kulenga mbali haina kazi, anayeijua njia ndiye mwenye faida. Halafu mteremko nao una mambo yake. Ukilenga kutoka juu kwenda chini, risasi inashuka kulingana na umbali wa mlalo tu. Mita 400 kwenye mteremko wa digrii 30 ni mita 346 za mlalo, kwa hiyo mgeni aliyezoea uwanja tambarare atapiga juu ya kichwa. Faida hiyo haikudumu. Agosti 1893 Gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na viongozi wenzake. Mpaka leo familia yake inatafuta kichwa chake kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani.

Turudi kwenye bei. Wakati askari wa Kijerumani wanapanda mlima mwaka 1892 na ile Mauser ya 1871, kule Ujerumani kwenyewe ilikuwa imeshapitwa. Wafaransa walitoa bunduki ya baruti isiyo na moshi mwaka 1886. Wajerumani wakaharakisha wakatoa ya kwao mwaka 1888, halafu mwaka 1898 ikaja Mauser ambayo mpaka kesho mafundi wanaiga komeo lake. Maghala ya Ujerumani yakabaki yamejaa silaha za zamani. Unafanya nazo nini? Unazipeleka koloni. Hazinunuliwi upya, zipo, zinafyatuka, basi.

Tofauti yake ni nini? Tupige hesabu ya fizikia ya sekondari, msikimbie. Risasi ya 1871 ina gramu 25 na inatoka kwa mita kama 440 kwa sekunde. Risasi ya ncha kali ya Mauser ya 1898, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1900, ina gramu 10 hivi na inatoka kwa mita kama 880. Weka shabaha mita 400 na usahau upinzani wa hewa. Ya kwanza inafika baada ya sekunde 0.91 ikiwa imeshuka mita 4. Ya pili inafika kwa sekunde 0.45, imeshuka mita 1. Sasa tuseme umekosea kukadiria, umedhani mita 400 kumbe ni 450. Ya zamani itapiga chini ya ulipolenga kwa sentimita 57. Mpya, sentimita 14. Mlengaji ni yuleyule na jicho ni lilelile, ila mmoja kasamehewa kosa na mwingine hakusamehewa.

Na bado hatujasema moshi. Baruti nyeusi ikifyatuka inatoa wingu zito jeupe. Wewe huoni mbele, lakini kila mtu anakuona ulipo.

Agosti 1914 vita ikaanza. Jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa na askari Waafrika kama 2,500, na kampuni zake nyingi bado zilikuwa na bunduki ya 1871. Piga hesabu: miaka 43! Reli ya Tanga ilikuwa imeshafika Moshi, na Lettow-Vorbeck akaweka makao yake hapa. Mbele yake, upande wa Taveta, walikuwa Waingereza na bunduki za Lee-Enfield zisizotoa moshi, risasi 10 kwenye magazini. Mwenyewe ameandika katika kumbukumbu zake kwamba moshi ulikuwa hasara kubwa porini. Fikiria basi yule askari kwenye nyika kati ya mlima na Taveta. Anapiga mara moja, wingu linapanda juu ya miiba, na kabla hajakoki tena wenzake wa upande wa pili wameshajua pa kulenga. Akiba ya hazina ya Berlin ililipwa hapo. Siwatetei askari hawa, mikono yao ilifanya mengi mabaya kwenye vijiji vya watu. Lakini aliyechagua bunduki hakuwa yeye, na moshi ulipanda juu ya kichwa chake yeye.

Wakatafuta mbadala. Novemba 1914 walipowapiga Waingereza Tanga, waliokota silaha za kutosha kuzipa kampuni 3 bunduki za kisasa. Aprili 1915 meli ya Rubens ikaletwa na shehena, manowari ya Kiingereza ikaifukuza mpaka Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ndani mlikuwa na bunduki 1,800 na mamilioni ya risasi. Bunduki ziliokolewa, lakini risasi zililowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe ikauke, zifungwe upya. Na bado nyingine hazikufyatuka. Hapo ndipo utajua kwamba Mauser nzuri kuliko zote duniani yenye risasi iliyolowa ni fimbo tu, tena fimbo nzito.

Machi 1916 Smuts alivunja ngome za Latema na Reata karibu na Taveta, na katikati ya mwezi huo Moshi ikachukuliwa. Vita ikahamia kusini mpaka Msumbiji. Novemba 1917, pale Ngomano, Wajerumani waliwapiga Wareno na kuchukua silaha zao. Mwisho wa yote, Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, kule Zambia, alikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Soma tena hapo. Jeshi la Kijerumani, nchi ya Mauser, linakabidhi bunduki za Kiingereza na Kireno! Sababu ni risasi. Walishika bunduki ambayo risasi zake zilikuwa zinapatikana.

Kwa hiyo wazee wa shabaha, historia inawajibu hivi. Kabla ya jina la kiwanda, uliza risasi: zinapatikana wapi, kwa bei gani, na je, zote za pakiti moja zina baruti sawa na uzito sawa? Risasi zikitofautiana kasi, kwa mita 400 mnaziona zinavyotawanyika juu na chini. Halafu angalia mtutu, maana bunduki kuukuu yenye mifereji iliyolika ni gobore lenye sura nzuri. Baadaye komeo, triga, kitako kisichocheza, na vilengeo. Hela inayobaki itumie kwenye mazoezi. Na msisahau tuko Tanzania: kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, bila kibali chake hata bunduki ya bei poa itakugharimu miaka ya jela.

Lakini mimi swali linalonikaa kichwani ni lingine. Mara nyingi anayesema kitu ni bei nafuu ni yule asiyekishika. Berlin iliona akiba kwenye daftari, huku chini ya mlima mtu aliona wingu jeupe juu ya kichwa chake. Ukipewa kitu cha bei poa na mtu ambaye yeye mwenyewe hakitumii, muulize kidogo gharama iliyobaki imepelekwa kwa nani.

Kwa leo naishia hapa, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Tuko pamoja wadau.