Masjala, Jalada na Ofisi Mtandao Tanzania Bara

Masjala, yaani chumba ambamo ofisi ya serikali hupokea, husajili na kutunza barua zake, ndiyo iliyokuwa kiini cha utawala wa Tanganyika tangu Waingereza waipokee nchi kutoka kwa Wajerumani. Kwa utaratibu wa Waingereza kila jambo lilifunguliwa jalada lenye namba, na kila karatasi iliyoingia ilitobolewa kwenye kona, ikafungwa kwa tagi na kupewa namba ya mfuatano iitwayo folio. Ofisa aliyetaka kutoa maoni aliandika dokezo akitaja folio anayoizungumzia, akatia saini, cheo na tarehe, kisha akalipeleka jalada kwa mkubwa wake, na uamuzi ukashuka kwa njia ile ile. Ndiyo sababu barua ya serikali hubeba juu yake maneno “Unapojibu tafadhali taja” na “Kumb. Na.”, yaani kumbukumbu namba, ambayo tarakimu zake za mwisho ni folio.

Mwaka 1967 serikali ilipoagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, lugha ya madokezo ilibadilika, lakini safari ya jalada haikuguswa. Udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mkubwa: jalada lilikuwa moja tu, hivyo aliyelishika ndiye aliyelishika jambo lenyewe, na mstaafu aliyefuatilia mafao yake aliweza kurudishwa mara kadhaa kwa jibu kwamba jalada halionekani.

Safari ya kuelekea kompyuta ilipata chombo chake pale Wakala ya Serikali Mtandao ilipoanza mwaka 2012 na kugeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Katikati ya miaka hiyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilizipa kumbukumbu na saini za kielektroniki nguvu ya kisheria. Karatasi ilianza kuondoka upande wa fedha, kwa kuwa kuanzia mwaka 2017 kitabu cha stakabadhi chenye kaboni kilianza kupisha namba ya malipo, ambayo mwananchi huilipia benki au kwa simu bila fedha kupita mkononi mwa karani. Ofisi Mtandao, mfumo wa kushughulikia majalada kwa kompyuta, ulikuja kwa unyenyekevu zaidi, kwani uliiga masjala badala ya kuivunja: dokezo bado hupanda na kushuka ngazi zile zile, ila sasa mfumo huandika wenyewe ni nani aliyelifungua na lini, kazi ambayo zamani ilitegemea uaminifu wa karani wa masjala katika kujaza kadi ya mwendo wa jalada.

Suala la uhifadhi ni gumu zaidi. Majalada ya Kijerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, bado husomeka kwa yeyote ajuaye mwandiko wa Kijerumani wa wakati huo. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 hufungulia umma kumbukumbu zikitimiza miaka 30, hivyo jalada la kielektroniki la mwaka 2020 litasubiri hadi 2050, na wakati huo litahitaji programu ya kulisomea.