Mlinzi na Mwitikiaji

Ukitoka Ilula kwenda Iringa mjini, utapita Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti, 1891, kilipita kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski. Kilikuwa na mizinga na bunduki za kisasa, lakini hakikujua ni nani aliyejificha vichakani. Watu wa Mtwa Mkwawa, wao, walikwisha kujua njia yake. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Niliikumbuka habari hiyo mwaka juzi, baada ya kufunga mtambo wa ulinzi nyumbani kwangu Ilula. Mtambo huo huhisi joto la mwili linalopita mbele yake, kisha hunipigia simu nikiwa Dar es Salaam. Basi nikalala usingizi mnono: nyumba ina mlinzi, pikipiki ina mlinzi, na mbwa wangu Simba ana msaidizi.

Usiku mmoja mtambo ulipiga. Simu yangu nilikuwa nimeizima. Kulipokucha, Simba alikutwa amekufa kwa sumu, na pikipiki haipo. Jirani yangu hakunificha:

"Tulimsikia akibweka, mzee. Tukasema, si una mtambo?"

Zamani mbwa akibweka, jirani alitoka na rungu. Naam, hata pale Lugalo macho peke yake hayakushinda vita. Habari iliwafikia watu waliokuwa tayari kuinuka.

Mtambo ungali ukutani. Ila sasa, namba ya kwanza unayoipiga ni ya jirani.