Gharama za Maziko: Zitoke Katika Mali Ipi?



Msiba unapoingia mambo huenda mbio. Sanda inanunuliwa, kaburi linachimbwa, huyu anatoa fedha mfukoni mwake na yule anafungua kabati la marehemu. Ugomvi wa mirathi mara nyingi huanzia hapo. Roho ikishatoka, mali ile imeshafungamana na haki za watu, na miongoni mwao huenda wamo mayatima. Mpangilio wa sharia ni huu:

1. Maziko

Kinachotoka katika mali ya marehemu ni cha lazima tu: vifaa vya kuoshea, sanda, karafuu maiti, kuchimba kaburi, mbao na kumchukua maiti. Sanda ni shuka tatu kwa mwanamme na nguo tano kwa mwanamke, bila ya israfu. Mus'ab bin 'Umayr (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipouawa Uhud aliacha nguo moja tu. Wakimfunika kichwa, miguu inabaki wazi. Mtume akaamrisha afunikwe kichwa, na miguuni yawekwe majani ya idhkhir.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, maziko ya mke yako juu ya mumewe, hata kama mke ameacha mali. Asiyeacha kitu huzikwa na aliyekuwa akiwajibika kumlisha. Akikosekana, ni jukumu la Waislamu.

2. Madeni

Baada ya maziko hulipwa madeni yote, ikiwemo zaka aliyokuwa hajaitoa na mahari ambayo mkewe hajalipwa. Mtume alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipojitwisha kulilipa. Kwa hivyo, anapotangaziwa mwenye kudai ajitokeze, awepo mtu wa kuandika jina, kiasi na mashahidi.

3. Wasia

Usizidi thuluthi ya kilichobaki, wala asiusiwe mrithi ila warithi wengine waridhie.

4. Mirathi

Kinachobaki ndicho kinachogawiwa. Kwa Zanzibar, familia inaweza kupeleka shauri lake Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Chakula cha msiba

Hiki hakimo katika gharama za maziko. Ja'far bin Abi Talib (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipouawa Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliamrisha watu wa Ja'far wapikiwe chakula, kwani wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeligeuza: mfiwa ndiye anayepika, na majirani ndio wanaokula. Vyovyote mtu anavyoiona hitma, haifai kuchota mchele na nyama katika mali isiyogawiwa hali ya kuwa wamo watoto wadogo. Mtoto hana ridhaa ya kutoa, na Suuratun-Nisaa, aya ya 10, imewaonya vikali wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma. Mrithi mtu mzima anayetaka kutoa, atoe katika fungu lake.

Aliyetoa fedha zake

Akitoa kwa nia ya sadaka, asidai baadaye. Akitoa kwa nia ya kurejeshewa, aseme siku hiyo hiyo mbele ya warithi na aweke risiti. Kusema mapema hakumpunguzii mtu thawabu, na huwakinga ndugu wasije wakatengana baada ya arobaini.

WaLlaahu A'lam.