Diski ya SSD kwa kompyuta ya nyumbani: Jinsi ya kupata iliyo bora kwa pesa yako

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujikokota, wengi hufikiria kununua nyingine. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski ya zamani, na kuibadilisha kwa SSD hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Lakini sokoni SSD ni za kila aina, na pesa ikishatoka mfukoni ni vigumu kuirudisha. Hapa tunaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kulipa.

SSD ni nini?

Diski ya zamani huhifadhi data kwenye sahani zinazozunguka, na kichwa chake husogea huku na huku kutafuta faili. SSD haina kinachozunguka. Data hukaa ndani ya chipu, kama kwenye flashi, ila husomwa kwa kasi kubwa zaidi. Ndiyo maana haina kelele na huvumilia mtikisiko.

Ipi itaingia kwenye kompyuta yako?

Jibu hili kabla ya kuuliza bei. Kompyuta nyingi za zamani hupokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, ambayo kasi yake hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Nyingi za miaka ya karibuni zina nafasi ya M.2, inayopokea kijibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa milimita 80. Tahadhari: M.2 ni umbo tu. Kuna M.2 za SATA na kuna za NVMe, na si kila kompyuta hupokea zote mbili. Tafuta modeli ya kompyuta yako kwenye tovuti ya mtengenezaji uhakikishe.

NVMe ya PCIe 3.0 hufikia megabaiti 3,500 kwa sekunde, na ya PCIe 4.0 karibu 7,000. Hata hivyo, kwa kuandika barua, kuperuzi intaneti na kutazama filamu, tofauti kati ya SATA na NVMe haionekani sana. Mabadiliko makubwa utayaona unapoiacha diski ya kuzunguka.

Ukubwa gani unatosha?

Kwa nyaraka na masomo, gigabaiti 240 au 256 zinatosha. Familia yenye picha na video nyingi ifikirie 500. Gawanya bei kwa idadi ya gigabaiti, kisha linganisha: mara nyingi kila gigabaiti huwa nafuu kwenye diski kubwa. Windows ikikuonyesha 465 badala ya 500, hujaibiwa. Inahesabu kwa kipimo tofauti na cha mtengenezaji.

Itadumu muda gani?

Angalia kipimo cha TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anaahidi unaweza kuandika. Kingston A400 ya gigabaiti 240 ina TBW 80 na dhamana ya miaka 3. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, utafika kikomo hicho baada ya siku 4,000, zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo kwa matumizi ya nyumbani, dhamana inayotambulika mahali unaponunua ina uzito kuliko TBW kubwa.

Utazitambuaje feki?

Ukiuziwa terabaiti kadhaa kwa bei ya flashi, shtuka. Baadhi ya feki hudanganya ukubwa: hupokea faili, kisha zinazozidi uwezo halisi hupotea. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski na kuisoma upya kubaini ukweli. Kwa diski iliyotumika, mwombe muuzaji aifungue kwenye CrystalDiskInfo muone saa ilizofanya kazi na hali yake. Dai risiti.

Usisahau nakala

Diski ya zamani mara nyingi hulia kabla ya kufa. SSD inaweza kuzima ghafla, na kuokoa data yake ni kazi ngumu na ghali. Ukishahamisha kila kitu, usiitupe diski ya zamani ikiwa bado nzima. Itie kwenye kasha dogo la USB, na kila wiki nakili humo picha na nyaraka usizoweza kuzipata tena.