Walilipia Kuzunguka Dunia, Wakaishia Kukaa Miezi Minne Belfast

Hebu vuta picha. Umeuza nyumba, makochi umegawia ndugu, majirani umewaaga, kila mtu anajua unaondoka kwa miaka mitatu na nusu. Unafika bandarini, meli hiyo hapo, imepakwa rangi inang'aa. Lakini haiendi popote. Leo haiendi, kesho haiendi, mwezi ujao bado.

Ndicho kilichowakuta abiria wa Villa Vie Odyssey mwaka 2024. Meli ilitakiwa kuondoka Belfast, Ireland ya Kaskazini, tarehe 30 Mei, ikapite bandari zaidi ya 400 duniani. Na hawa hawakuwa watalii wa wiki mbili. Hii ni meli ya kuishi kabisa: unanunua chumba kama mtu anavyonunua apatimenti, na bei zilianzia karibu dola 100,000, bado hujagusa malipo ya kila mwezi. Wengi ni wastaafu. Mmoja alikuja na paka wake.

Mafundi wakakuta usukani una matatizo, baadaye giaboksi nayo ikasumbua. Wiki ikawa mwezi, mwezi ikawa minne.

Meli yenyewe ina historia

Chombo hiki si kipya. Kilijengwa Hispania na kuanza kazi mwaka 1993 kwa jina la Crown Dynasty. Baadaye kikaitwa Braemar, na mwaka 2008 kikapelekwa Hamburg, kikakatwa katikati na kuongezwa kipande cha mita 31. Oktoba 2019 kikaweka rekodi ya kuwa meli ndefu kuliko zote kuwahi kupita mfereji wa Corinth kule Ugiriki. Mfereji una upana wa mita 24 hivi, meli ina mita 22.5. Yaani ukinyoosha mkono unakaribia kushika mwamba!

Miezi mitano tu baadaye ikakwama kwa mara nyingine, na safari hiyo haikuwa ya kuchekesha. Machi 2020, abiria zaidi ya 600 wakiwa ndani, korona ikathibitika melini. Bandari kadhaa za Karibi zikakataa kuipokea. Ikazunguka baharini kama mgeni anayegonga mlango na wenye nyumba wamezima taa. Aliyefungua alikuwa Kuba. Tarehe 18 Machi meli ikatia nanga Mariel, abiria wakapelekwa uwanja wa ndege na kurudishwa Uingereza. Kabla ya kuondoka, baadhi yao walining'iniza bango la kuishukuru Kuba.

Kwa hiyo waliokwama Belfast walikuwa ndani ya chombo chenye uzoefu wa kusubiri.

Maisha ya kusubiri

Mchana waliruhusiwa kupanda meli: kula, kucheza, kupiga stori. Jioni ikifika, shuka, rudi hotelini. Kampuni ililipia malazi na chakula. Baadhi wakaona isiwe tabu, wakaenda zao kutembea Hispania, wengine hadi Greenland, kisha wakarudi kuuliza, "vipi, bado?"

Waliobaki wakaijua Belfast kuliko walivyowahi kupanga. Kuna waliowaambia waandishi wa habari kwamba wameshakula karibu kila mgahawa na kunywa Guinness karibu kila baa. Na si baa peke yake. Wapo wawili, mwanamume Mkanada na mwanamke Mmarekani, ambao mapenzi yao yalikolea hapohapo kwenye kusubiri, wakavishana pete ya uchumba. Wengine meli iliwakwamisha, hao iliwaunganisha.

Halafu angalia walikokwama. Belfast ndiyo ilikojengwa Titanic. Na Titanic nayo ilicheleweshwa! Septemba 1911 dada yake, Olympic, aligongana na meli ya kivita Hawke, akarudishwa Belfast kutengenezwa. Mafundi wakatolewa kwenye Titanic kwenda kumhudumia. Safari ya kwanza iliyopangwa 20 Machi 1912 ikasogezwa hadi 10 Aprili. Siku nne baadaye, usiku, ikagonga barafu. Nani ajuaye, ingeondoka Machi huenda barafu ile isingekuwa njiani kwake. Hakuna anayeweza kuthibitisha, ila kwenye mji huo swali hilo haliishi hamu.

Mgeni gani anakaribishwa?

Kuna upande mmoja wa ile miezi minne ambao picha za baa hazionyeshi. Tarehe 3 Agosti 2024, maandamano ya kupinga wahamiaji yaligeuka vurugu Belfast. Maduka na migahawa ya watu wenye asili ya nje ilivunjwa, mengine yakachomwa moto. Hao walikuwa wakazi, wanalipa kodi ya pango, wanapika, wanauza, wanasomesha watoto hapo.

Mji mmoja, kiangazi kimoja. Kuna mgeni aliyeingia na tiketi ya meli, magazeti yakaandika habari zake kwa tabasamu. Kuna mgeni aliyeingia kutafuta riziki, akaamka akikuta duka lake ni majivu. Haki ni kusema kwamba wakazi wengi walijitokeza siku zilizofuata kusimama na waliovamiwa. Lakini tofauti ilikuwa wazi: kusubiri ukiwa na pesa huitwa mapumziko, na kusubiri bila pesa huitwa mzigo.

Hatimaye

Jioni ya 30 Septemba meli ikaondoka gatini. Watu wakashangilia, glasi zikagongana. Haikufika mbali! Makaratasi yalikuwa hayajakamilika, ikabaki karibu na mji siku chache zaidi. Ilipofika 3 Oktoba ndipo ikaondoka kweli, kuelekea Brest, Ufaransa.

Kati ya bandari zote zaidi ya 400 kwenye ratiba, mji ambao abiria wale waliujua hadi majina ya wahudumu wa baa ni ule ambao hawakupanga kukaa. Na wale wawili wenye pete, ukiwauliza safari yao ilianzia wapi, sidhani kama watakutajia bahari.

Wewe ungevumilia miezi minne, au ungedai hela yako siku ya tatu?