Kitabu cha kuzalisha msimbo na wasomaji wake wa Naliendele

Kitabu chenyewe kilifika Naliendele ndani ya mfuko wa salfa. Usicheke. Kijana mmoja anayetengeneza mifumo ya kompyuta kwa vyama vya msingi vya korosho alikinunua Dar es Salaam, kikiwa kimetumika, akakifunga kwenye mfuko uliooshwa ili kisilowe, akapanda nacho basi la Mtwara. Kinaitwa Code Generation in Action, mwandishi ni Jack Herrington, kimetoka mwaka 2003. Kwa vitabu vya kompyuta huo ni uzee kabisa. Lakini tangu kifike kimepita mikono kadhaa, na kila aliyekirudisha alikirudisha na hukumu yake. Mimi si mtu wa kompyuta, ni mwandishi wa habari. Kilichonivuta ni ugomvi.

Hoja ya Herrington si ngumu kuielewa. Mfumo wa chama cha msingi una mkulima, shamba, mzigo, ghala, mnada na malipo. Kwa kila kimoja mtengenezaji anaandika karibu mambo yale yale: jinsi ya kuingiza taarifa, kuzitafuta, kuzirekebisha, kuzifuta. Sita mara nne, na bado hujaanza kazi yenyewe. Kitabu kinasema acha kuandika kwa mkono. Eleza mara moja mkulima ni nini na mzigo ni nini, tengeneza kiolezo, kisha andika programu ndogo itakayosoma maelezo hayo na kuzalisha msimbo wote uliobaki. Programu hiyo tuiite kizalishi. (Mafundi wetu hutamka "kodi" badala ya msimbo. Ukimwambia mfanyabiashara wa hapa kwamba unazalisha kodi, atafunga duka.)

Kijana wetu alikipenda kitabu tangu sura ya kwanza. "Kaka, nimepoteza miaka mitatu kuandika fomu ileile," aliniambia. Kazi ya wiki mbili akaimaliza kwa siku mbili. Kwake Herrington ni mkombozi.

Dada mmoja anayefundisha kompyuta chuoni mjini Mtwara alikirudisha bila furaha hiyo. Lalamiko lake la kwanza ni la darasani. Mwandishi anaandika vizalishi vyake kwa lugha ya Ruby ili vizalishe msimbo wa lugha nyingine, hasa Java. Mwanafunzi ambaye Java yenyewe inamtoa jasho sasa anatakiwa ajue mbili, na ajue ipi inaongea wakati gani. Lalamiko la pili ndilo zito. Kitabu kinatenganisha vizalishi vya aina mbili. Kuna kile kinachozalisha mara moja, ukaendelea kurekebisha mwenyewe. Na kuna kile kinachobaki mwenye mali: ukitaka mabadiliko unarudi kwenye kiolezo, unazalisha upya, na faili lililozalishwa huligusi. Herrington anaipendelea hii ya pili, na anashauri kila faili liwekewe onyo kwamba lisirekebishwe kwa mkono. "Sasa ukimwambia mwanafunzi asiguse," alisema yule dada, "umemwambia pia asisome."

Mimi nilidhani huo ni ubishi mpya. Kumbe ni wa zamani sana. Mwaka 1952 Grace Hopper alikuwa na programu aliyoiita A-0, iliyokusanya vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga viwe programu moja, na ikamwia vigumu kuwashawishi watu kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi hiyo. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN. John Backus na wenzake walijua kwamba mafundi hawataikubali mpaka waone msimbo unaozalishwa na mashine unakaribia kasi ya ule wa mkono, na juhudi zao nyingi ziliishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 James Martin aliandika kitabu kizima kuhusu kutengeneza mifumo bila waandishi wa programu. Na mwaka 1985 David Parnas akakumbusha kwamba kila kilichowahi kuitwa uandishi wa programu wa kujiendesha wenyewe kilikuwa ni kuandika kwa lugha ya ngazi ya juu kidogo kuliko iliyokuwepo. Yaani fundi hakuondoka. Alihamia ghorofa ya juu.

Msomaji wa tatu ni mzee mstaafu, mhasibu, aliyeanza kazi serikalini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu alikipekua kwa heshima tu, miwani ikiwa puani. Alichokuja nacho yeye ni kumbukumbu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zikahamishiwa kwenye mashine, zikavurugika, na wataalamu walioifahamu walikuwa zaidi wageni. Ikabidi kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kamba hiyo haikulegezwa mpaka miaka ya 1980. Vijana wakisikia habari hiyo hucheka, kama vile wazee walikuwa wanaogopa mzimu. Mimi nadhani marufuku ilikuwa kosa na iliturudisha nyuma sana. Lakini sicheki. Mzee aliuliza swali moja tu kuhusu kizalishi cha kijana: "Wewe ukipata kazi Dodoma kesho, huyo karani wa ghala atafungua nini?"

Kijana alisema, "Mzee wangu, atanipigia simu."

Msimu uliofuata swali lilijibiwa. Kwenye kiolezo, kijana alikuwa ameandika kwamba uzito wa mzigo ni namba nzima. Mama mmoja mwenye gunia la kilo 62 na nusu akaandikiwa 62. Kwa kuwa kiolezo ni kimoja, nusu kilo ilipotea kwenye fomu ya mizigo, kwenye taarifa ya ghala, kwenye orodha ya malipo, kila mahali, kwa wakulima wote wa chama kile, na kila karatasi ikakubaliana na mwenzake. Hilo ndilo lililonitisha. Karani akikosea kwa mkono, daftari mbili hugombana na kosa linaonekana. Hapa palikuwa na amani tupu. Mama yule alikuja na kikaratasi alichoandikiwa kwenye mzani, amekikunja kwenye pindo la kanga, akasema hatoki mpaka aonyeshwe nusu yake imekwenda wapi. Watu walishaanza kunong'ona habari za wizi.

Kijana alibadili neno moja, akazalisha upya, na fomu zote zikapona mchana uleule. Hapo Herrington alishinda. Ila siku chache nyuma karani, kwa nia njema, alikuwa amemwomba fundi mwingine aongeze jina la kitongoji kwenye taarifa ya ghala, na yule fundi alirekebisha faili lililozalishwa, onyo likiwa juu yake kwa Kiingereza. Kuzalisha upya kulifuta kazi yake yote. Nusu kilo zilizokwisha kupotea nazo hazikurudi zenyewe. Zilitafutwa kwenye vikaratasi vya mzani, mkulima mmoja mmoja, kwa siku tisa.

Hapa Naliendele mambo haya yana mfano wa karibu, kwenye kituo cha utafiti wa korosho. Mche bora unaweza kubebeshwa: unakata vikonyo kwenye mti mama uliochaguliwa, unaviunga kwenye miche, na shamba zima linakuwa na tabia ya mti mmoja. Ukichagua mti unaostahimili ubwiriunga, umepona ekari zote. Ukichagua vibaya, umeugua ekari zote. Ndiyo maana watafiti hukaa na mti mmoja miaka kabla ya kuutoa kwa wakulima. Nilipomwambia yule dada mfano huu alikubali nusu. Mti mama, alisema, unaweza kwenda kuutazama.

Ndipo akanieleza kwa nini sasa anakifundisha kitabu ambacho hakukipenda. Tangu 2021 na 2022 wanafunzi wake wanaomba msimbo kwa akili bandia, wanapewa, unafanya kazi. Hakuna kiolezo cha kufungua, na ukiomba tena kesho unaweza kupewa mwingine. Kwa Herrington angalau lile neno moja lililokula nusu kilo lilikuwa na ukurasa na mstari. Anawapa wanafunzi kizalishi cha kwenye kitabu, anawaamuru wafute onyo, kisha wasome faili lililozalishwa kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka mmoja wao aulize uzito umeandikwaje.

Kijana hajapenda. Anasema kufuta onyo ni kuharibu kitabu. Lakini kwenye mfumo wake onyo lile sasa limeandikwa kwa Kiswahili, na chini yake kuna jina la faili la kiolezo na namba za simu za watu wawili.