Mrao, Gumegume na Fataki

Watoto tuliowazaa huku Uingereza wakisikia neno fataki hufikiria zile za sherehe zinazopasuka angani. Wazee wetu wa pwani walikuwa na maana nyingine pia, na ndani yake imo historia ambayo tunaona haifai ipotee.

Zamani gobore, yaani bunduki ya kushindilia, lilijulikana kwa namna ya moto wake. La mrao liliwashwa kwa utambi unaofuka. Waomani waliliita abu fatila, baba wa utambi. La gumegume lilikuwa na jiwe lililogonga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo katika kisahani, na moto ukapenya tundu hadi ndani ya mtutu. Mvua ikinyesha, mwenye bunduki alibaki na rungu tu.

Mwaka 1807 kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege, alipata hataza ya kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Ndege walikuwa wakiuona mmweko wa kisahani, wakaruka kabla risasi haijatoka. Baadaye kemikali hiyo ilitiwa katika kikofia kidogo cha shaba: ndiyo fataki. Jeshi la Uingereza lilipozijaribu huko Woolwich mwaka 1834, risasi 6,000 kwa kila aina, gumegume zilikataa mara 922, za fataki mara 36 tu.

Serikali zilikuwa na gumegume tele ghalani, nazo hazikutaka kuzitupa. Kuanzia miaka ya 1840 Ufaransa na Marekani zilizigeuza kwa wingi. Fundi aliondoa jiwe na kishikio chake, kisahani na chuma cha cheche, akaziba matundu ya skrubu. Kisha alikaza kifa, kile kichuchu chenye tundu kinachovishwa fataki, juu ya mtutu au ubavuni mwake, akaweka na nyundo mpya. Mtutu, kitako na mdeki vilibaki vilevile.

Silaha zilizopitwa na wakati Ulaya zilipata soko kwetu. Mwaka 1888 Euan-Smith, konseli wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 za kila aina ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilifuata njia za pembe na watumwa. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotungwa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha bora, lakini ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo kibali kilitegemea kiwashio: Mwafrika aliachiwa jiwe, na majeshi ya wakoloni yakaja na Maxim.

Hatuandiki haya kuisifu bunduki. Baadhi ya walioishika walikuwa babu zetu, na walioswagwa mbele yake kwenda pwani walikuwa babu zetu vilevile. Sisi ni wajukuu wa wote wawili, na ndiyo maana mazungumzo haya hutuwia mazito.

Lakini maneno yangalipo. Mkikaa na wazee, waulizeni mrao ni nini, na kifa, na mdeki. Waacheni waseme, na watoto wawe karibu wakisikiliza.